Tusimlaumu Panya Kabla ya Kutazama Kizimba Chake

Tarehe 10 Aprili 2025 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza mpango wa kuondoa hatua kwa hatua sharti la kuzijaribu kwa wanyama dawa za kundi la kingamwili pamoja na dawa nyingine, na kuweka mahali pake hesabu za kompyuta, seli za binadamu na vipande vya tishu vinavyooteshwa maabara. Kabla ya mwezi huo kwisha, Taasisi za Taifa za Afya za nchi hiyohiyo nazo zikatangaza nia ya kupunguza matumizi ya wanyama katika tafiti zinazozigharimia. Watetezi wa wanyama walifurahi, maana jambo hilo wamelipigania miaka mingi, na mimi niko pamoja nao katika furaha hiyo. Lakini juu ya tangazo hilo imejengwa tafsiri ambayo tangazo lenyewe haliibebi: kwamba sayansi sasa imekiri kuwa mwili wa mnyama haufundishi lolote la maana kuhusu ugonjwa wa binadamu. Kifafa ni mfano unaomjia mtu upesi katika mjadala huo. Duniani kuna watu wapatao milioni 50 wenye kifafa. Dawa za kukizuia zimeongezeka sana tangu miaka ya 1990, nyingi zikiwa zimepitia kwa panya kwanza. Na bado takriban mgonjwa mmoja kati ya watatu anaendelea kuanguka licha ya kumeza dawa. Mwenye haraka ataitazama hesabu hiyo na kuhitimisha kwamba panya ametudanganya.

Tangazo la FDA linahusu zaidi vipimo vya usalama, yaani kutafuta kama dawa ina sumu, na si jitihada za kuuelewa ugonjwa wenyewe. Hilo peke yake lingetosha kutupunguzia haraka. Hoja yangu, hata hivyo, inakwenda mbali zaidi. Kwa upande wa kifafa, sehemu kubwa ya kile tunachokiita udhaifu wa mnyama ni udhaifu wa maisha tuliyompa. Mnyama mwenye kifafa anayeishi peke yake katika sanduku tupu la plastiki, asiye na pa kujificha wala cha kutafuna, anayeguswa tu siku ya kuchomwa sindano, hana kifafa kilekile alicho nacho mwenzake anayeishi pamoja na wengine. Mfumo wake wa kukabiliana na msongo unafanya kazi kwa namna nyingine, na mfumo huo umefungamana na kifafa kiasi kwamba huwezi kukigusa kimoja bila kukitikisa kingine. Kabla ya kuamua kwamba panya hafai, tulipaswa kuuliza alikuwa akiishi wapi na pamoja na nani. Swali hilo limekwisha kujibiwa kwa sehemu nzuri, majibu yamechapishwa, na wengi wanaoshangilia au kulalamikia tangazo la Aprili hawayataji.

Mnyama anapotishwa, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi hutoa kemikali ijulikanayo kama CRH, ambayo huiamuru tezi ya pituitari kutoa homoni ya ACTH. Homoni hiyo husafiri kwa damu hadi kwenye tezi zilizo juu ya figo, na tezi hizo hutoa kotisoli kwa binadamu, mbwa na nyani, au kotikosteroni kwa panya. Homoni hizi huuweka mwili tayari kwa kupigana au kukimbia, kisha hurudi ubongoni na kuuarifu mfumo kwamba kazi imetosha. Mojawapo ya sehemu zinazopokea taarifa hiyo na kuuzima mfumo ni hipokampasi, ambayo ndiyo pia huhifadhi kumbukumbu mpya. Bahati mbaya ni kwamba hipokampasi ndiyo inayoharibika mara nyingi katika kifafa kinachoanzia katika sehemu ya ubongo iliyo usawa wa masikio, aina ya kifafa ambayo mara nyingi haisikii dawa. Kifafa kikiila hipokampasi, msongo hukosa wa kuuzima. Msongo usiozimika nao haukai kimya: huko California, Tallie Baram na wenzake walionyesha tangu miaka ya 1990 mwanzoni kwamba CRH ikitiwa katika ubongo wa panya mchanga humletea mshtuko wa kifafa, na mwaka 2014 kundi la Jamie Maguire wa Chuo Kikuu cha Tufts lilionyesha kwamba mshtuko wenyewe huuamsha mfumo wa msongo, na kwamba homoni zinazotoka hapo huongeza uwezekano wa mshtuko unaofuata. Ugonjwa unauita msongo, msongo unauita ugonjwa. Katika hali kama hiyo, jambo lolote linaloongeza au kupunguza msongo wa kila siku wa mnyama, kuanzia ukubwa wa kizimba hadi sauti ya mlango, haliwezi tena kuitwa jambo la pembeni.

Mwaka 2019 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walichapisha matokeo ambayo, kwa maoni yangu, kila maabara ya kifafa ilipaswa kusimamisha kazi zake kwa muda wa kutosha kuyasoma na kuyatafakari. Walitumia pilokapini, dawa itokanayo na mmea wa Amerika ya Kusini, ambayo kwa kipimo kikubwa humtia panya katika mshtuko mrefu. Mnyama akinusurika, baada ya siku au majuma kadhaa huanza kushikwa na kifafa bila kuchokozwa na chochote, na hali hiyo humdumu. Njia hii imetumika tangu miaka ya 1980 na imejaza maelfu ya kurasa za majarida. Watafiti wa Marseille hawakuongeza dawa mpya wala chombo kipya. Walibadilisha tu mpangilio wa makazi, baadhi ya panya wakakaa wawili wawili na wengine mmoja mmoja. Panya waliokaa peke yao walipata mishtuko mara 16 zaidi ya waliokaa na wenzao. Kwa panya wa jamii ndogo zaidi, waliopimwa sambamba, hata wale wasio na kifafa kabisa walipotengwa kwa majuma kadhaa walipoteza hamu ya vitu vilivyokuwa vikiwapendeza, wakawa na wasiwasi zaidi, na alama za msongo mwilini mwao zikapanda. Waliokuwa na kifafa na pia wametengwa walikuwa na hali mbaya kuliko wote. Halafu likaja jambo ambalo silisahau: panya wenye kifafa walioishi peke yao lakini wakapata dakika za kuchezewa na mtafiti kila siku walikuwa na matokeo sawa na ya wale waliokaa wawili wawili. Mkono wa binadamu, ukija kila siku kwa upole, ulitosha kuziba pengo la mwenzi.

Inafaa tukae hapo kidogo, kwa sababu matokeo haya yanagusa namna tunavyosoma majaribio ya dawa. Tuseme maabara moja inajaribu dawa mpya kwa panya waliotengwa. Mishtuko yao ni mingi kupita kiasi, na sehemu yake inatokana na upweke. Dawa yoyote inayotuliza wasiwasi itapunguza mishtuko hiyo, na mtafiti ataandika kwa nia njema kabisa kwamba amepata dawa ya kifafa, ilhali alichotibu ni kizimba. Dawa hiyo ikipelekwa kwa binadamu anayeishi na familia yake, itaonekana dhaifu, na lawama zitamwangukia panya. Tuseme tena maabara ya pili inawashika panya wake kila siku ili kuwapa dawa kwa mdomo, kundi la dawa na kundi la maji matupu kwa pamoja. Kushikwa huko kwa upole tayari kumepunguza mishtuko katika makundi yote mawili, na nafasi ya dawa kuonyesha nguvu yake imebanwa. Dawa nzuri inaweza kutupwa. Maabara hizo mbili zitachapisha matokeo yanayopingana, na msomaji ataambiwa kwamba utafiti wa wanyama hautabiriki. Mwenye kutaka kujua tofauti ilitoka wapi atafungua sehemu ya mbinu, na mara nyingi atakuta mstari mmoja: panya walipewa chakula na maji bila kikomo, saa 12 za mwanga na saa 12 za giza.

Wazo kwamba makazi huubadilisha ubongo si jipya. Donald Hebb wa Montreal aliandika mwaka 1947 kuhusu panya aliowalea nyumbani kwake kama wanyama wa kufugwa, waliowashinda wenzao wa maabara katika kutatua mafumbo. Katika miaka ya 1960 Mark Rosenzweig, Marian Diamond na wenzao wa Berkeley walipima ubongo wa panya waliolelewa katika vizimba vikubwa vyenye wenzao na vitu vya kuchezea, wakakuta tabaka lake la juu limenenepa. Kwa upande wa kifafa, mwaka 1999 ulichapishwa utafiti ulioonyesha kwamba panya waliolelewa katika mazingira ya aina hiyo walikingwa na mishtuko waliyochokozewa kwa sumu ya kainiki, na seli chache zaidi zilikufa katika hipokampasi yao. Mwaka 2008 watafiti wa Boston waliwatazama panya wadogo wa ukoo wa EL, wenye asili ya Japani, ambao hushikwa na kifafa kwa sababu tu ya kuinuliwa au kuhamishwa kizimba, yaani kwa mambo ambayo mhudumu huyafanya kila juma bila kufikiri. Walipopewa mazingira tajiri, yaani kizimba chenye wenzao na vitu vya kuchezea, mishtuko ilipungua, na pamoja nayo ulipungua mwamko wa sehemu ndogo ya shina la ubongo inayotawanya noradrenalini wakati wa hofu. Utafiti huo una thamani ya pekee kwa sababu haukuhesabu mishtuko peke yake. Uliutazama mwitikio wa msongo ndani ya ubongo wenyewe.

Kisha kuna panya wa Strasbourg. Hawa wanatokana na panya wa kawaida wa maabara waliochaguliwa katika miaka ya 1980 hadi ukapatikana ukoo ambao kila mmoja wao ana kifafa cha kuduwaa: mnyama husimama ghafla, hutazama bila kuona kwa sekunde chache, kisha huendelea na alichokuwa akifanya. Kifafa chao ni cha urithi, wala hakuna aliyewadunga sumu, na kama kuna mahali ambapo mtu angetarajia mazingira yasiwe na la kusema, ni hapa. Watafiti wa Melbourne, ambao awali walikuwa wameonyesha kwamba panya hawa wana wasiwasi kuliko kawaida, waliripoti mwaka 2016 kwamba kuwalea katika mazingira tajiri kulipunguza mishtuko na wasiwasi kwa pamoja, na kwamba athari zilionekana hata katika kizazi kilichofuata. Mtu anayesema kwamba jeni ni hukumu iliyokwisha kuandikwa ana deni la kutueleza matokeo hayo.

Nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo, kwa kuwa upo ushahidi unaokwenda kinyume, na baadhi yake ni mzito. Melbourne hiyohiyo, mwaka 2007, watoto wa panya waliotenganishwa na mama yao kwa saa tatu kila siku walipokua walikuwa wepesi zaidi kutiwa kifafa, lakini majike tu; madume hawakuonyesha tofauti hiyo. Nchini Uholanzi kuna ukoo mwingine wenye kifafa cha kuduwaa, WAG/Rij, na mwaka 2006 ilionekana kwamba watoto wa ukoo huo waliotenganishwa na mama yao, sawa na wale waliopapaswa na binadamu wakiwa wachanga, walikuwa na mishtuko michache ukubwani. Kutengwa na mama, jambo ambalo tungelitarajia lidhuru, hapo lilipunguza ugonjwa. Zaidi ya hayo, msongo wa ghafla na wa muda mfupi huufanya mwili uzalishe steroidi zinazoitia nguvu GABA, kemikali inayotuliza seli za neva, na utafiti wa mwaka 2002 ulionyesha kwamba panya waliolazimishwa kuogelea walihitaji kichocheo kikubwa zaidi kabla ya kupata mshtuko. Tena ACTH, homoni ileile ya msongo, ni tiba inayotumika tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa watoto wachanga wenye kifafa cha aina ya West.

Wapo wanaoyashika matokeo haya na kusema kwamba basi hakuna kanuni, kila mtu na lake, na suala la makazi liachwe. Mimi naona yanaeleza kinyume chake. Kama kumtenga mtoto na mama yake kwa saa chache kunaweza kubadilisha idadi ya mishtuko miezi kadhaa baadaye, juu katika aina moja ya kifafa na chini katika nyingine, na kwa jike si sawa na kwa dume, basi makazi na malezi ni nguvu kubwa kuliko tulivyodhani, nguvu inayopita katika njia mahususi za mwili ambazo zinaweza kufuatiliwa. Watafiti wa WAG/Rij waliifuatilia mojawapo hadi kwenye milango midogo ya umeme katika seli za tabaka la juu la ubongo, wakakuta imeongezeka. Ushahidi huu unakataa jambo moja tu, nalo ni imani nyepesi kwamba msongo wowote ni mbaya na starehe yoyote ni dawa. Kilicho muhimu ni aina ya msongo, muda wake, umri wa mnyama, na kama ana njia ya kuukomesha.

Neno hilo la mwisho, njia ya kuukomesha, linanipeleka Kenya. Kati ya mwaka 1984 na 1986, tumbili kadhaa waliokuwa wakifugwa katika kituo cha utafiti wa wanyama wa jamii ya nyani nchini humo walikufa bila kuuawa na mtu. Wanane kati yao, waliokutwa na vidonda vingi vya tumbo, walichunguzwa na matokeo yakachapishwa mwaka 1989 na kundi alilokuwamo Robert Sapolsky, aliyetumia miaka mingi kuwafuatilia nyani wa Maasai Mara na kupima homoni zao. Tezi za juu ya figo za tumbili hao wanane zilikuwa zimekua kupita kiasi, miili yao ilikuwa na majeraha ya kuumwa, na hipokampasi zao zilikuwa na seli zilizokufa. Hawakuwa na kifafa, na sitaki kuwapachika wasichokuwa nacho. Lakini wengi wao hawakuwa wapweke. Waliishi katika makundi, na inaelekea walikuwa wanyonge wa makundi hayo. Porini tumbili mnyonge hukwepa, hupanda mti mwingine, husubiri mkubwa aondoke. Ndani ya uzio hana pa kwenda, na sehemu ya ubongo iliyolipa gharama ni ileile ambayo kifafa huishambulia. Kwa hiyo anayesoma matokeo ya Marseille na kukimbilia kuwajaza wanyama wote pamoja atakuwa amebadilisha dhiki moja kwa nyingine. Hata panya hawalingani katika jambo hili: utafiti wa Ufaransa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba baada ya kushindwa na panya mwingine katika ugomvi, baadhi hurejea hali yao kamili, na wengine, ambao damu yao ina kiwango kidogo cha BDNF, protini inayosaidia seli za neva kustawi, hubaki wepesi wa kupata kifafa ingawa kwa macho wanaonekana wamepona.

Kati ya hoja zinazotolewa kutetea vizimba vya upweke, iliyo na nguvu ni ya kiufundi, na naiheshimu. Kupima kifafa sawasawa kunahitaji nyaya za umeme zilizopandikizwa kichwani, na panya wawili waliokaa pamoja hutafunana nyaya hizo, wakaumizana, na jaribio likaharibika. Hata hivyo vipo vipima-umeme vidogo vinavyowekwa chini ya ngozi na kutuma taarifa kwa redio, na vipo vizimba vyenye ukuta wa matundu unaowaruhusu jirani wawili kunusana na kusikilizana. Ni ghali zaidi, lakini ghali kuliko nini? Gharama ya kuipeleka dawa hadi kwa wagonjwa na kuiona ikishindwa ni kubwa mara nyingi zaidi. Na kwa maabara isiyo na fedha hizo, Marseille imeonyesha kwamba kuna njia isiyohitaji chombo chochote, yaani mtu mmoja kuwatembelea wanyama wake kila siku.

Hoja ya pili husema kwamba vitu vya kuchezea na wenzi huongeza tofauti kati ya mnyama na mnyama, hivyo matokeo huyumba. Hii inasikika vizuri hadi inapopimwa. Mwaka 2004 kundi la watafiti wa Ulaya lililinganisha panya wa vizimba vitupu na wa mazingira tajiri katika maabara tofauti, likakuta mazingira tajiri hayakuongeza kuyumba kwa matokeo wala hayakupunguza uwezekano wa kuyarudia. Kwa upande mwingine, mwaka 1999 maabara tatu za Edmonton, Albany na Portland zilitumia panya wa koo zilezile, vifaa vilevile na ratiba ileile, zikijitahidi kufananisha kila kitu, na bado baadhi ya matokeo yakatofautiana. Kizimba kitupu hakikuwahi kutupa usawa ambao kwa ajili yake tulikichagua. Mwaka 2014 ilionekana hata kwamba harufu ya mtafiti wa kiume peke yake huwapandishia panya msongo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na sisi tumekuwa tukiwaandikia panya ripoti za usingizi bila kukikagua kitanda.

Dhaifu kuliko zote ni hoja isemayo kwamba panya wa maabara alizaliwa kizimbani, hajui maisha mengine, hivyo hakuna anachokikosa. Hoja hii inachukulia kwamba msongo ni majuto, kwamba mnyama lazima alinganishe hali yake na nyingine aliyoiona ndipo aumie. Mwili haufanyi kazi hivyo. Haipothalamasi haihitaji kumbukumbu ya uhuru ili itoe CRH. Inahitaji ishara za hatari, za baridi, za kukosa joto la mwenzi. Maabara nyingi huwaweka panya wadogo katika nyuzijoto 20 hadi 24, ilhali mwili wao hutulia karibu na 30, na ndiyo maana hulala wamerundikana. Aliye peke yake hana wa kurundikana naye. Kotikosteroni iliyopimwa kwenye damu haiulizi mnyama alizaliwa wapi. Wanaoirudia hoja hii hudhani wanajikinga dhidi ya kumpa mnyama hisia za binadamu, lakini wanachofanya ni kukataa kusoma vipimo vya mwili wake.

Haya yote yangebaki ya maabara kama si mbwa. Mbwa hupata kifafa bila mtu kumsababishia, na makadirio yanayotumiwa na wataalamu ni kati ya mbwa 6 na 8 kwa kila mbwa 1,000. Nchini Finland, utafiti wa mwaka 2019 uliwahoji wenye mbwa 50 wa aina hiyo. Kwa mbwa 37 kulikuwa na mambo yaliyotangulia mishtuko, na yaliyotajwa zaidi ni hali za msongo. Ni kumbukumbu za wenye mbwa, si vipimo vya damu, na mtu aliyeona mbwa wake akitupa miguu hutafuta sababu hata pasipo na sababu. Lakini jibu linaafikiana na tulichokwisha kukiona kwa panya. Paka wametufundisha upande mwingine wa jambo hili: mwaka 2015 ilichapishwa taarifa ya paka 96, wengi wao wazee, ambao mishtuko yao huanzishwa na sauti za jikoni, kama karatasi ya foili inapokunjwa au kijiko cha chuma kinapodondoka kwenye bakuli. Hapo tatizo ni kichochezi cha papo hapo, na kukiondoa kunasaidia mara moja. Msongo wa kudumu wa mbwa aliyefungwa ni jambo jingine. Hauna sauti moja unayoweza kuinyamazisha.

Afrika Mashariki ina mbwa wengi wanaoishi maisha hayo. Mbwa wa ulinzi hufungiwa bandani mchana kutwa ili awe mkali usiku, hajui mkono wa mtu ila wa anayemletea ugali, na usingizi wake hukatwa kila mara. Katika mtaa niliokulia, mbwa aliyeanguka akitoa povu hakuulizwa historia yake, aliuawa. Hofu hiyo ina msingi, kwa kuwa kichaa cha mbwa bado kipo kwetu na huua, na mbwa asiyechanjwa anayeanguka kwa mara ya kwanza asiguswe mdomoni na mtu yeyote hadi daktari wa mifugo amwone. Ila mbwa aliyechanjwa, anayeanguka kwa dakika moja au mbili kisha akarudi katika hali yake, na akarudia hivyo baada ya majuma, huenda ana kifafa, na fenobabitali, dawa ya kuzuia kifafa, inayotolewa kwa saa zilezile kila siku inaweza kumpa miaka ya kuishi. Ninachoongeza kwa wenye mbwa kama huyo ni kwamba kidonge kisipewe mbwa aliye kwenye mnyororo kikitarajiwa kifanye kazi yote peke yake. Alale bila kusumbuliwa, ale kwa wakati, awe na mtu au mbwa anayemzoea, na banda liwe na kona ya giza anakoweza kuingia fataki za mwaka mpya zinapoanza. Nani amelinda nini kwa mbwa anayeanguka usiku mzima?

Kuhusu tangazo la Aprili, basi, sina ugomvi na kupunguza wanyama. Kipande cha ubongo kilichooteshwa kwenye chombo kitatueleza mengi kuhusu seli, na kama kitamwokoa panya hata mmoja na sumu isiyo ya lazima, nakipokea. Lakini kipande hicho hakina tezi juu ya figo, hakina mama wa kutenganishwa naye, hakina jirani wa kukitisha wala mkono wa kukipapasa, kwa hiyo kifafa kitakachosomwa humo kitakuwa kifafa kisicho na msongo, yaani tutakuwa tumelikwepa swali lilelile ambalo kizimba kilitufanya tulijibu vibaya. Wanyama wataendelea kutumika katika utafiti wa kifafa kwa muda, wachache zaidi, na hao wachache wanastahili kuhesabiwa sawasawa. Mwongozo wa kimataifa wa kuripoti tafiti za wanyama, ARRIVE, uliotolewa upya mwaka 2020, una mambo kumi ya lazima, miongoni mwake idadi ya wanyama, jinsi walivyogawanywa kwa bahati nasibu, na takwimu zilizotumika. Makazi na matunzo hayamo katika kumi hayo. Yamewekwa katika orodha ya pili, ya mambo yanayopendekezwa. Majarida yanayochapisha tafiti za kifafa hayalazimiki kusubiri mwongozo ubadilike. Yanaweza kuanzia toleo lijalo kukataa makala isiyosema mnyama aliishi na nani, katika joto gani, alishikwa mara ngapi na nani, na kama alikuwa na mahali pa kujificha; na yanaweza kuwaomba waandishi wa tafiti za zamani, ambao bado wana daftari zao, waongeze taarifa hizo ili matokeo yanayopingana ya miaka arobaini yapangwe upya kwa kufuata makazi na tuone ni mangapi kati yake hayapingani tena.